Vugo la Nyanya Kwenye Kompyuta

Usiku ule wa kuamkia Alhamisi nililala na hedifoni masikioni, nimenuniana na kompyuta yangu. Mdogo wangu Zuhura alikuwa anaolewa wikendi, na ombi lake kwangu lilikuwa moja tu: aingie ukumbini kwa vugo la nyanya. Mimi ndiye prodyuza wa nyumba. Watu wananiletea nyimbo zao niwatilie midundo wanisifu, nije nishindwe na ya nyanya yangu mwenyewe?

Vugo ni ngoma ya wanawake, ngoma ya harusi. Pembe za nyati zinagongwa kwa vijiti, kila mwanamke na pigo lake, na mapigo yakiingiliana ndipo ngoma inapotoka. Nyanya alikuwa mpigaji hodari, na alituahidi kila mjukuu wa kike kwamba atamwingiza ukumbini kwa pembe yake. Akafariki kabla ya zamu ya Zuhura. Wenzake nao wamezeeka na kutawanyika, kwa hivyo kazi ikaniangukia mimi.

Nilirekodi mlio wa pembe yake, nikaupanga kwenye visanduku vya programu ya muziki, safu moja kwa kila mwanamke. Kwanza niliyanyoosha mapigo yote yakae sawasawa. Yakalia kama cherehani. Nikayasogeza mengine mbele kidogo, mengine nyuma, yasikike ya mkono wa mtu. Yakawa ya mtu mwenye usingizi. Nikapunguza sauti hapa, nikaongeza pale. Safu zote zilijaa, wala hakukuwa na vugo mle. Nikaamua kukicha nimwambie Zuhura atafute wimbo mwingine. Nililala nikijua atalia.

Nikajiona niko uani kwetu, mchana, leso zimeanikwa kambani. Wanawake wameketi mkekani kwa safu, kila mmoja ndani ya kisanduku cha mwanga, vilevile vya kwenye kompyuta, na hakuna anayeshangaa. Mimi ndiye ninayekimbia. Natoka kwa huyu naenda kwa yule, nawagongea pembe zao wote, jasho linanitiririka. Wao wananitazama tu, vijiti mapajani, wamebanwa na kicheko.

Wa mwisho ni nyanya. Ameketi vile alivyokuwa akiketi, mguu mmoja ameunyoosha, nguo zake zinanukia udi. Nilifurahi, jamani! Sikukumbuka kwamba amekufa. Nilikumbuka tu kwamba nimemkosa sana. Nikainua kijiti niigonge na pembe yake. Akaushika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa na joto.

"Mbona wewe wanipigia, na mimi nimekuja?"

"Zuhura yuaingia ukumbini, nyanya. Nataka usikike."

"Wewe nawe! Toka utotoni hujui kukaa kitako."

Akanivuta nikaketi. Na pale nilipoketi si uani tena, ni chumbani kwake, kichwa changu kiko mapajani mwake na vidole vyake vinanipasua njia za nywele. Nje wenzake wanapiga. Sasa ni vugo lenyewe, nalijua, mwili wangu unalijua. Lakini kila mzunguko unapofika mahali fulani, pigo moja halipo. Ngoma inanyamaza kidogo, halafu inaendelea. Nami shingo yangu inatikisika palepale penye kimya, nangoja, na vidole vyake vinaendelea kusuka bila haraka.

"Piga, nyanya. Pamefika pako."

"Pangu pawache wazi, mama. Ukipajaza wewe, nani atakuja kupashika?"

Nataka kumuuliza ni nani huyo atakayekuja. Nageuza kichwa. Vidole vyake havipo tena kwenye nywele zangu.

Niliamka kumeshakucha, hedifoni zimenining'inia shingoni. Nililia kidogo, kilio cha mtu aliyetembelewa. Kisha nikafungua kompyuta nikaifuta safu ya nyanya, yote, nikabonyeza. Ngoma ikaanza kutembea. Ilikuwa na pengo katikati, na kwa sababu ya pengo lile ilikuwa hai.

Niliibeba kompyuta mpaka jikoni, niisikilize mbele ya mtu. Mama alikuwa anakaanga mahamri. Mama ni binti wa nyanya, na tangu msiba alikuwa hataki hata kuiona ile pembe. Nilipoirekodi nilijifungia mlango. Niliweka kompyuta mezani nikaiwasha, yeye akaendelea kugeuza mahamri yake, mgongo kwangu.

Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili ukafika penye pengo, na mwiko wake ukagonga ukingo wa karai. Ko. Palepale. Nikadhani ni bahati tu. Ukaja mzunguko mwingine, na mwiko ukagonga tena, kwa uzito uleule, na safari hii mama mwenyewe akajisikia. Mkono ukamsimama hewani.

Akageuka, macho yamemjaa machozi.

"Hapo ni pa mamangu," akasema.

"Najua, mama. Amesema pawachwe wazi."

Hakuniuliza amesema lini. Alizima jiko, akajifuta mikono kwa leso, taratibu, kidole kwa kidole.

"Anzisha tena," akasema. "Na uniletee pembe."