Lojingi Aliyoichagua Drusilla

Mwaka wa sabini na tatu, katika shamba moja la chai juu ya Kericho, watoto thelathini na wanane walilelewa na mwanamke mmoja na nusu. Mmoja alikuwa Drusilla, mke wa Kebaso. Nusu alikuwa Chelimo, msichana wa kutoka Ndanai aliyeajiriwa karibuni, ambaye bado aliwaogopa watoto.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya michai, akina mama waliokwenda kuchuma majani walipita mlangoni pa nasari, nyumba ya kulelea watoto, kila mmoja akamkabidhi Drusilla mtoto wake. Yeye aliwapokea kama karani wa mizani anavyopokea vikapu: huyu ameongezeka, huyu amepungua, huyu ana homa, mama usiende kazini. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na masikio. Mtoto akilia upande wa pili wa ukuta, alisema bila kugeuka, "Huyo ni wa Jerusa, na si njaa, ni sikio." Na mama fulani asipoonekana siku mbili, Drusilla alishuka kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, kwenda kumtafuta. Hakumuuliza mtu nyumba. Alitazama kamba za nguo. Penye nepi pana mtoto, na nepi zikiwa safi, pana mtu wa kuzungumza naye.

Mumewe Kebaso alikuwa karani kiwandani. Watu wa laini walimwita Bwana Nairobi kwa sababu alikuwa amefika mji huo mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda kufanya mtihani wa ukarani mkuu, akaanguka. Mara ya pili basi lililokuwa likimpeleka Machakos kwenye mazishi liliharibika hapo, akakaa kituoni kutwa nzima. Lakini msimulizi hodari hahitaji safari nyingi. Kebaso alieleza barabara za Nairobi hivi kwamba watu waliowahi kuishi huko walinyamaza, wakidhani wao ndio waliosahau.

Mwezi wa sita barua ikaja kutoka ofisi ya meneja. Chama kimoja cha mjini, cha mabibi wenye kuwatakia watoto mema, kilikuwa kimeandaa semina ya siku tatu juu ya malezi ya watoto wachanga wa wafanyakazi. Kila shamba lipeleke mlezi mmoja. Malazi yapo, chakula kipo. Drusilla alisoma Kiswahili na Kigusii bila shida, ila barua ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Kebaso akaisoma, kidole kikitangulia. Alifika sentensi ya mwisho akasimama. Kulikuwa na neno moja refu asilolifahamu, na mbele yake neno "watoto" alilolifahamu vizuri.

"Wanasemaje hapo?" mkewe akauliza.

"Wanasema," Kebaso akajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, "mama aje na mtoto wake."

Lilikuwa jambo la busara, na Drusilla akawasifu hao mabibi. Binti yao Nyambeki alikuwa na miezi kumi na moja, ananyonya, anatambaa, na kila kilichokuwa chini alikiweka mdomoni akijue. Nasari ikaachiwa Chelimo, na Kebaso akaomba ruhusa ya siku nne kiwandani. Huwezi, alisema, kumwachilia mwanamke na mtoto katika mji kama ule bila mtu wa kuwaongoza.

Wakafika Jumapili saa nane mchana. Hosteli ya semina ilikuwa jengo safi lenye maua, na mezani pa kuandikisha wageni alikaa msichana mwenye miwani. Aliona jina la Drusilla kwenye orodha, akatabasamu. Kisha akaona mgongoni, ambako Nyambeki alikuwa akichungulia kutoka kwenye leso, na tabasamu likaondoka.

"Mama, watoto hawaruhusiwi hapa. Tuliandika kwenye barua."

Drusilla alimgeukia mumewe. Kebaso alikuwa akitazama maua.

"Lakini semina si ya watoto?" Drusilla akauliza.

"Ni ya kuhusu watoto," msichana akamweleza kwa upole. "Si ya watoto wenyewe. Hata sasa unaweza kumrudisha nyumbani, tukakupa kitanda."

Kericho haikuwa ng'ambo ya barabara. Wakatoka.

Pale nje Drusilla hakusema kitu juu ya barua. Ukimya wake ulimchoma Kebaso kuliko maneno, ndiyo maana akaanza kuzungumza kwa wawili. Asijali, alisema. Hoteli ziko tele. Tena asifikirie hoteli za Kericho, kibanda cha kula maharagwe na chapati. Hapa hoteli ni pa kulala, na yeye anajua kuzichagua. Akabeba sanduku akatangulia.

Ya kwanza aliichagua kwa ubao wake. Kwenye ubao walikuwa wamechora nyota tano, na Kebaso akasema nyota hazichorwi ovyo. Wakapanda gorofa nne kwa miguu kwa kuwa lifti ilikuwa na kufuli. Chumba kilikuwa kipana. Kebaso akafungua dirisha, mji wote ukawa mbele yao.

"Ona, Mama Nyambeki! Ona mandhari!"

Drusilla hakuona mandhari. Aliona kwamba dirisha lilianzia magotini na halikuwa na chuma hata kimoja. Akamshusha mtoto sakafuni, kwa jaribio tu. Nyambeki alitambaa moja kwa moja hadi kwenye mwanga, akashika ukingo wa dirisha, akasimama. Mama yake akamshika gauni.

"Tushuke," akasema.

"Lakini tumeshapanda!"

"Ndiyo. Na tutashuka kwa ngazi."

Ya pili aliichagua kwa sababu iko chini, hakuna ngazi. Hilo alilisema mara mbili ili ionekane kwamba anajifunza. Hakutambua kwamba ukuta wa chumba ndio ukuta wa baa. Ilikuwa saa kumi mchana, na santuri upande wa pili iligonga mpaka kikombe kilichokuwa mezani kikatembea. Kebaso alikuwa Msabato wa kuzaliwa, asiyegusa pombe, hata chai asiinywe ijapokuwa ndiyo iliyomlisha. Akamuuliza mwenye nyumba kama muziki hupunguzwa. Yule akafikiri.

"Hupunguzwa," akasema. "Alfajiri."

"Na mtoto?"

"Mtoto atazoea. Wa kwangu alizoea, siku hizi hasikii vizuri lakini analala sana."

Ya tatu ilikuwa nzuri kwelikweli, na Kebaso akajua kwamba heshima yake imerudi. Zulia jekundu, shuka nyeupe, bafu la kuoga umelala. Drusilla mwenyewe aliguswa. Alikuwa amekwisha kufungua leso pale karani wa hoteli, bwana mmoja mwenye tai, alipoinama akamtazama Nyambeki kwa makini.

"Samahani mama. Anakojoa?"

Drusilla alidhani hakusikia. "Unasemaje?"

"Nauliza kama mtoto hukojoa. Magodoro yetu ni ya ng'ambo."

"Wewe hukojoi?"

"Mimi ni mtu mzima."

"Basi huyu naye akiwa mtu mzima tutamleta," Drusilla akasema, akamfunga tena mgongoni. Kebaso alifuata nyuma na sanduku. Barabarani matone makubwa ya mvua yalikuwa yameanza kudondoka.

"Baba Nyambeki," mkewe akasema, si kwa hasira, "umechagua mara tatu, na mara zote umeangalia mbele ya nyumba. Mbele hapalali mtu. Hebu niachie mimi."

Akaiacha barabara kubwa, akaingia uchochoro wa nyuma, kule kunakotupwa maganda ya ndizi na ambako majengo yenye majina makubwa yana mifereji iliyovunjika. Kebaso aliona aibu hata mbele ya watu asiowajua. Drusilla alitembea taratibu, ameinua kichwa, akipita ua baada ya ua. Kamba yenye shuka tupu aliipita. Kamba yenye sare za wahudumu wa baa aliipita. Kisha akasimama. Kwenye ua mmoja mwanamke mnene alikuwa akianua nguo mbio mbio kwa ajili ya mvua, na nguo zenyewe zilikuwa nepi kumi na mbili, nyeupe kabisa.

Drusilla hakubisha. Aliingia akaanza kuanua upande wa pili wa kamba. Walipokutana katikati, ndipo wakaamkiana.

Mwanamke huyo aliitwa Rebeccah. Alikuwa mzaliwa wa Chebunyo, akaletwa Nairobi na mume dereva wa lori, mume akafa, akamwachia nyumba ya vyumba tisa. Nepi zilikuwa za mjukuu wake. Mbele ya nyumba, ukizunguka, palikuwa na ubao uliobambuka rangi ulioandikwa Bodingi na Lojingi, yaani chakula na malazi, bila jina lolote. Kebaso alikwenda kuuona, akarudi amehuzunika.

Drusilla alikuwa anauliza maswali. Maji hutoka saa ngapi? Rebeccah akasema ukweli, kwamba hukatika saa tatu asubuhi, ndiyo maana ana mapipa manne. Uji utapikiwa wapi? Jikoni kwake, jiko la makaa halizimwi. Choo kiko wapi, na mlango wake hufungwa na kitasa au na jiwe? Nani hulala chumba cha pili, na anakohoa? Chini ya kitanda kuna dawa ya panya?

"Mama," Rebeccah akasema, "umekuja kulala siku nne ama unanunua nyumba?"

"Kwani kuna tofauti gani kwa mtoto?"

Rebeccah akacheka hadi akaketi kwenye karai. Kisha akamwita mtu akaondoe dawa ya panya, maana ilikuwepo.

Kesho yake semina ikaanza. Ilibidi Drusilla aende kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye orodha, na mtoto ilibidi abaki, na aliyekuja kuwaongoza wote wawili ndiye peke yake asiyekuwa na kazi. Hivyo Kebaso, Bwana Nairobi, aliutumia mji wa Nairobi wote katika ua wa futi ishirini. Siku ya kwanza Rebeccah alimwonyesha jinsi ya kukunja nepi ili pini isimguse mtoto. Saa tano Kebaso alimwendea mbio, mtoto analia, hajui la kufanya.

"Umempa uji?"

"Amekataa."

"Baba Nyambeki, usingizi huo. Mtie mgongoni."

Akakataa, kisha mtoto akazidi kulia, naye akakubali. Alizunguka ua akiwa amefungwa leso ya maua, na wageni wa vyumba vingine wakatoka kunawa, wakamwamkia kwa adabu ya kupita kiasi.

Upande wa semina, ukumbi ulikuwa na walezi arobaini na tatu na bibi mmoja mtaalamu, mtu mpole aliyesoma mbali, ambaye hakuwa na mtoto. Alichora ubaoni moyo mkubwa wa mama na mdogo wa mtoto, akaunganisha mioyo kwa mshale. Katika mwaka wa kwanza, alifundisha, mtoto asitenganishwe na mama yake, hata kwa siku moja. Wote waliandika. Drusilla naye aliandika, maziwa yakimlowesha blauzi. Kisha akainua mkono.

"Mwalimu, mimi wangu ana miezi kumi na moja. Mlangoni kwenu wamemkataa. Sasa huo mshale niupitishe wapi?"

Bibi mtaalamu aliweka chaki chini. Akasema hilo ni swali zuri sana, swali muhimu, na litajadiliwa baada ya chai. Chai ikaja. Ilikuwa vumbi la mwisho la kiwanda, lile ambalo kule Kericho hufagiliwa, na walezi wa mashamba ya chai waliinywa wakitazamana. Baada ya chai kukawa na somo la kuosha chupa.

Drusilla hakungoja mjadala. Saa sita alikwenda kwa Rebeccah, mwendo wa dakika kumi, akanyonyesha, akarudi amechelewa. Siku ya pili walezi wengine wawili walikuja naye ili waone hiyo nyumba inayokubali watoto, na mmoja wao, Mjaluo wa shamba la jirani aliyeitwa Ayoo, alisimama uani akamtazama Kebaso akisugua nepi kwenye karai.

"Huyu bwana mmempata wapi?" akamuuliza Rebeccah kwa siri.

"Amekuja na mama yule. Ni mwongozaji wake."

Wakarudi Kericho Alhamisi. Jioni hiyo watu wa laini walimzunguka Kebaso wapate habari za mji, naye, kwa mshangao wa mkewe, hakutaja nyota tano wala zulia. Alisema Nairobi maji hukatika saa tatu, na mtu asiye na pipa hawezi kuishi. Wakaona amebadilika, wakadhani ni uchovu.

Cheti kilifika mwezi wa kumi na moja, ndani ya bahasha kubwa, chenye muhuri mwekundu. Kilithibitisha kwamba Bwana D. Kebaso amehudhuria kwa bidii mafunzo ya malezi ya watoto wachanga. Karani wa meneja alisema kosa linaweza kusahihishwa, ila cheti itabidi kirudi Nairobi, na hajui kitarudi mwaka gani.

Drusilla alikitazama, akampa mumewe akisome mwenyewe. Alikisoma polepole, kidole kikitangulia, akafika mwisho bila kuruka neno.

"Wamekosea," Kebaso akasema, lakini hakukiweka chini.

"Wamekosea herufi moja tu, hiyo D yangu," mkewe akamwambia, na akaenda kumtafutia msumari wa kukitundika.