Wodi Aliyoichagua Mama

Mama alipomkaribisha ndama wa jirani akidhani ni mgeni, tulijua macho yamefika pabaya. Alicheka kuliko sisi, lakini mimi moyo uliniuma. Hospitali ya serikali mjini walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na asipopasuliwa mapema atabaki gizani.

Basi nyumbani kwetu Unyambwa, tukipura alizeti uani, ukoo mzima ukageuka wataalamu wa gharama. Natamani sana kelele zile sasa ambapo mama hayupo. Shangazi alisema serikalini foleni ni ndefu lakini bei inabebeka. Mjomba akaisifia hospitali ya kulipia huko Arusha, ambako unapokelewa kama bwana harusi, halafu bili inakutoa jasho. India nayo ilitajwa. Jirani yetu mmoja aliuza karibu zizi zima kwenda kutibiwa huko. Kaka yangu, aliyekuwa akiishi Ujerumani, akasema kwenye simu kwamba mama aende kwake, atagharamia yeye. Kule mwenye bima karibu halipi kitu, alieleza, ila mgeni hutozwa kila kitu, mpaka ushauri.

Mama hakushughulika na bei. Kwetu mgonjwa haachiwi wauguzi peke yao. Ndugu hujipanga, huyu uji, yule ugali, na chupa ya chai huzunguka hadi kwa mgonjwa asiye na mtu. Kwa hiyo kila nchi iliyotajwa aliuliza nani atampikia. Kaka akajibu kwamba kule hospitali yenyewe hugawa chakula, na jioni ni mkate mkavu na jibini.

Mama akaacha kupepeta. Akauliza kwa Kinyaturu, lugha aliyoitumia asipotaka mchezo, "Umejuaje cha jioni?"

Kaka akakiri kwamba mwaka uliopita alilazwa, akapasuliwa tumbo. Hakutaka kututia hofu.

"Nani alikuja kukuangalia?"

"Hakuna, mama."

Hakumgombeza. Alisema tu kwamba yeye atapasuliwa hapa hapa serikalini, na ile nauli ya kumpeleka Ulaya imrudishe mwanawe nyumbani. Mjomba alibisha mpaka sauti ikamkauka. Mimi pia nilibisha, maana niliogopa foleni itamkuta kipofu.

Foleni ilichelewa, lakini ilifika, na kaka akafika. Asubuhi baada ya upasuaji, muuguzi alipomfungua bandeji ya jicho la kwanza, tulikuwa tumejazana wodini na mabakuli yetu. Mama alimtazama kaka usoni kidogo tu, kisha akamwambia afunue shati. Mtu mzima mwenye mvi, akalifunua mbele ya wodi nzima. Mama akapitisha kidole juu ya kovu, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Walikushona vizuri," alisema, na lile jicho ambalo muuguzi alikuwa ametoka kumkataza asililowanishe likajaa machozi.