Pax Kwenye Ukuta wa Nziza

Nkusi alikuwa mchora vibao huko Mbugangari, na katika maneno yote aliyopata kuyachora hakuna alilolipenda kama pax. Alilikuta utotoni, limechongwa juu ya mlango wa kanisa la misheni kule Karagwe, uhamishoni, alikofagia sakafu baada ya kuachishwa shule. Padre alimwambia kwa mkato kwamba ni Kilatini, maana yake amani, akaenda zake. Mwingine angetosheka. Nkusi alilifuata neno hilo miaka mingi katika kamusi iliyochakaa, aliyoipata kwa muuza vitabu vya mitumba wa Bukoba. Akajua kwamba Warumi walimfanya Pax mungu wa kike na kumjengea madhabahu. Akajua pia kwamba zamani kanisani kulikuwa na kibao kidogo chenye jina hilohilo, waumini wakikibusu mmoja baada ya mwingine ili kupokezana amani, na wakubwa waligombana palepale, kila mmoja akitaka kukibusu kabla ya mwenzake.

"Kumbe waliumizana wakigombea amani," Nziza alimwambia siku aliyosimuliwa, akicheka huku ameshika mbavu.

Nziza ndiye rafiki aliyekua naye Karagwe na kurudi naye nchini mwao, ng'ambo ya mto Kagera. Binti wa Nziza, Kirezi, alipozaliwa, maziwa ya mama hayakutosha. Nkusi alikuwa na ng'ombe wawili. Akatoa yule bora, Bihogo, mwekundu aliyevuka Kagera akichechemea. Tangu hapo Nziza akawa anaapa kwa jina la rafiki yake, kama inavyompasa mwanamume aliyepewa ng'ombe: Yampaye inka Nkusi, yaani Nkusi aliyenipa ng'ombe. Alisema hivyo akijikwaa, akishangaa, akikana uongo. Akaahidi mbele ya watu kwamba siku Kirezi atakapoposwa, msemaji wa nyumba yake atakuwa Nkusi na si mwingine.

Baadaye Nziza alifanikiwa, akajenga nyumba ya wageni Nyamyumba, karibu na chemchemi za maji moto. Nkusi alimchorea ukutani PAX kwa rangi ya samawati, herufi zenye urefu wa mtu. Ilikuwa zawadi.

Wiki moja kabla ya posa, Nziza alikuja Mbugangari, akaweka simu yake mezani.

"Hebu sema yote utakayosema, ndugu yangu. Ninarekodi ili nisije nikapotea siku yenyewe."

Nkusi alijinyoosha kitini. Alisema namna atakavyowasumbua wakwe: kwamba binti wanayemtaka alitumwa moto kwa jirani, na jirani naye amehama. Kisha, baada ya mzaha, angemtaja Bihogo, maziwa yake yaliyomlea binti, na mkono uliomtoa. Nziza alicheka, akafuta machozi, akaondoka na simu yake.

Siku ilipofika, Nkusi alivaa koti lililopigwa pasi, akachukua fimbo. Mlangoni mwa nyumba ya wageni alisimama Belise, msichana aliyeajiriwa kupanga wageni.

"Karibu, muzee. We iko pax ya meza ya kumi."

"Pax ya meza ya kumi?"

"Eeh, bageni. Sisi tunaita vile. Leo iko pax mia mbili."

Maana hiyo pia aliijua. Makondakta na watu wa hoteli huhesabu vichwa kwa neno hilo, kama mtu anavyohesabu kreti. Ila hakuwahi kuhesabiwa yeye.

"Binti yangu, mimi si mgeni. Mimi ndiye msemaji wa nyumba hii."

"Musemaji iko pale mbele, muzee. Alitoka Kigali na micro yake ya kusemea. Bon, labda muko babili?"

Hawakuwa wawili. Siku hizi hata mzee wa familia hukodishwa, pamoja na mahema na viti. Huyu wa kukodi aliitwa Cyuzuzo, kijana mnene mwenye mkufu wa shanga na sauti nzuri. Nkusi alikaa meza ya kumi, karibu na spika, akamsikiliza akiwaambia wakwe kwamba binti alitumwa moto kwa jirani, na jirani amehama. Watu wakacheka sana. Jirani yake mezani akampiga Nkusi begani: "Huyu mutu anajua kusema, sivyo?"

"Anajua," Nkusi alisema.

Akasubiri. Maneno yameibwa, basi, lakini jina lilikuwa bado. Cyuzuzo akafika kwa Bihogo, aliyevuka Kagera akichechemea, ng'ombe wa ukoo huu, alisema, tangu enzi za babu. Nkusi alimtazama Nziza. Nziza alikuwa anatazama viatu vyake.

Alimpata nyuma ya jiko, sherehe ikiendelea.

"Ungeniambia mapema, nikabaki nyumbani."

"Ni watoto, ndugu yangu. Wanataka mambo ya video. Sauti yako imechoka, walisema."

"Na jina langu? Nalo limechoka?"

"Wakwe ni watu wakubwa, Nkusi. Ningewaambiaje kwamba nilipewa ng'ombe na mchora vibao?"

Nkusi aliitafuta njia ya kwenda barabarani. Alipita chini ya zile herufi za samawati bila kuinua uso.

Jumatatu Nziza alimtuma mtu wa pikipiki na kibuyu cha maziwa, kimefunikwa kwa kawa safi. Mtu akipokea na kunywa, ugomvi umekwisha, hata kama hakuna aliyeomba radhi. Nkusi alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto. Maziwa hayamwagwi, hilo alilelewa nalo, wala hakudhamiria kuyamwaga.

"Mwambie sikuyaonja," alisema, akakirudisha mikononi mwa kijana. "Na uendeshe polepole. Yafike yote."