Fundi Sufi Alalia Sponji

Siku hizi mtu akitaka godoro anaingia dukani, analibonyeza kwa kidole kama anayechagua nyanya, analipa, linafungwa kamba nyuma ya pikipiki, kwisha. Aliyemuuzia hajui nani atalilalia, wala hajali. Haya ndiyo maendeleo. Mimi niliacha shule mapema na mengine nikajisomea kwenye magazeti yaliyofungia sukari, kwa hiyo wenye vyeti watanisamehe nikikosea.

Baba yangu alishona magodoro ya sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, maisha yake yote ya kazi. Mtaa mzima ulimwita Fundi Sufi, na wapo waliomzika bila kujua jina lake jingine. Chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Alitulea humo watoto saba, tukala, tukavaa, tukakohoa. Sufi haitaki upepo, kwa hiyo madirisha yalifungwa. Aliyetaka godoro alikuja na watu wake wamsaidie kuchambua mbegu. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Mke aliyenuniwa na mawifi aliketi nao goti kwa goti, jasho likiwatoka, na mlango haufunguliwi ovyo. Wengi walipatana kwa kukosa pa kukimbilia. Leo kuna washauri wa ndoa wenye ofisi na viyoyozi, na talaka zinakwenda vizuri sana, asante.

Sponji ilipoingia, wateja wakayeyuka. Hakuna aliyeaga. Baba akafunga chumba, mama akafariki, na mzee akabaki analala ukingoni mwa kitanda, upande wa mama ameuacha wazi. Alipopita miaka tisini, usingizi nao ukamkimbia.

Mdogo wangu wa kike, mwenye kazi ya ofisini na huruma za ofisini, akamletea godoro la sponji nene, lenye picha ya mwanamke anayetabasamu amelala. Baba akashukuru. Lakini kila asubuhi tulimkuta ameketi kitandani, macho makavu, anazidi kukonda. Tukaanza kuogopa.

"Ni hilo sponji," nikamwambia dada yangu. "Umemlaza fundi juu ya kitu cha kuoshea vyombo."

"Kaka, nawe! Kila kisicho cha zamani kinakuuma."

"Kinamuuma baba, si mimi."

"Haya, mtafutie hiyo sufi yako. Tuone."

Nikazunguka soko zima. Vijana wakanitazama kama naulizia meno ya kuku. Aliyeniokoa ni Bi Redio, jirani yetu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki. Akafumua mito yake miwili ya sufi aliyoshonewa na baba zamani. Wakafuata wazee wengine, kila mmoja na mto wake, migumu kama mkate wa juzi. Tukafungua chumba cha mbele, tukafunga madirisha, tukatandika turubai. Baba akaletwa kwenye kiti.

"We mwashi!" akamfokea mzee mmoja aliyejenga nusu ya mtaa. "Hiyo ni sufi, si zege! Taratibu! Na wewe Bi Redio, mdomo unachapa kazi kuliko vidole."

"Kwani zamani ilikuwaje, Fundi? Au umri umekula kumbukumbu?"

Baba akacheka mpaka akapaliwa.

Nilishona mimi mwenyewe. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini mtoto wa fundi si lazima awe fundi. Nikamtandikia, nikasubiri kesho yake kwa hamu ya kumsuta dada yangu.

Asubuhi baba akaniita.

"Mwanangu, hili nani kashona?"

"Mimi, baba."

"Lina milima na mabonde. Nirudishie lile la dada yako."

"Baba! Si sufi yako hii?"

"Sufi ni sufi, ubavu ni ubavu. Kumbe watu wa mtaa huu walinivumilia!"

Ya kale dhahabu, walisema wahenga, hawakutaja mbavu. Dada yangu alitabasamu kama yule mwanamke wa kwenye sponji, nikaona bora angenitukana.

"Na hilo lifumue," baba akaongeza. "Waite wale waje wachambue tena. Mbegu zimejaa."

"Baba, hamna hata moja."

"Nani fundi hapa?"

Tukalifumua. Tukachambua sufi isiyo na mbegu, tukashindilia, tukashona, naye akagundua kasoro nyingine, tukafumua tena. Akaamuru kitanda chake kihamishiwe chumba cha mbele. Miezi ikaenda hivyo, wazee wazima tukitafuta mbegu zisizokuwapo. Naye usiku, baada ya kutufokea mchana kutwa, alilala fofofo juu ya sponji lile lile, jambo ambalo sijalisamehe mpaka leo.

Alifariki alasiri moja chumba kikiwa kimejaa, mwashi na Bi Redio wakibishana nani alimkosea mwenzake kwanza enzi za ujana wao. Baba alikuwa ametoa hukumu dhidi ya Bi Redio, akafumba macho. Hatukutambua upesi kwamba ameondoka, kwa sababu Bi Redio alikuwa bado anamjibu.