Iko Nini? Mumalize Neno

Ipo siku moja ya wakati wa vita, mjukuu wangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na naomba bibi yako asisikie hilo. Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi wa vifaa vya hospitali kule Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Somo letu lilikuwa kutengeneza kifaa kipya tangu mwanzo mpaka kinapofika mkononi mwa mtumiaji. Sisi tulipewa pampu ya kuvuta ute puani na kinywani mwa mtoto anayezaliwa.

Haja ya pampu hiyo niliijua nyumbani. Yaya wangu Feza, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza. Siku ile mkunga aliuliza, "Mashini iko?" akajibiwa, "Iko." Na kweli ilikuwepo pembeni, safi kabisa. Ila ilikuwa ya umeme, na mazutu, yale mafuta ya jenereta, hayakufika kwa sababu ya mapigano barabarani. Mtoto akashindwa kupumua. Sasa Feza alikuwa na mimba nyingine, imeshakua, na mazutu bado hayakuwepo.

Basi tukachukua pampu ya baiskeli, tukageuza ngozi yake ya ndani ili ivute badala ya kusukuma, tukaiunga na chupa na mpira mwembamba. Ikavuta maji vizuri. Tulikuwa tunapongezana pale mkunga, Mama Nyassa, alipochungulia mlangoni pa karakana.

"Pompe ya batoto iko?"

"Iko, mama!" tukajibu wote.

Mwalimu wetu Wilondja, mtu mpole sana, akaweka bisibisi chini. "Iko nini? Mumalize neno. Iko inalala ku meza, ao iko inatumika?"

"Iko inavuta, Mwalimu."

"Iko inavuta nini?"

"Maji."

"Mutoto anazaliwaka na maji ya ziwa mu pua?"

Mwalimu akaagiza uji wa muhogo, mzito wa kuvutika kama ute. Pampu ikaziba papo hapo. Kisha akamwomba Mama Nyassa aishike kama angeishika kazini. Mama akautazama mpini, akaitazama mikono yake.

"Mi niko nashika mutoto na mikono yote. Nitapampu na nini?"

Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilimwogopea Feza. Tukaanza upya, safari hii kwa mpira mpana na ubao wa kukanyagwa kwa mguu, wenye springi ya kuurudisha juu. Tukaujaribu kwa uji. Tukachemsha mpira tuone kama utastahimili, ukapasuka, tukahangaika kutafuta mwingine. Kila kilipoharibika kitu, Mwalimu alitaka tueleze kwa nini kabla hatujagusa chombo chochote. Sitakuficha, wakati ule nilimchukia kidogo.

Feza alijifungua asubuhi moja, watu wakikimbia mapigano kutoka upande wa Lulimba. Nilikuwa nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia. Mtoto alitoka kimya. Nikasikia ubao ukikanyagwa, ukikanyagwa tena, halafu sauti ya yaya wangu, imechoka kabisa: "Iko analia." Ndipo nami nikamsikia mtoto.

Baadaye vita vilituvusha ziwa, nikaenda kuomba kazi katika kiwanda cha vifaa vya hospitali. Tuliwekewa kifaa kibovu mezani, tukaulizwa tungeanzia wapi. Wenzangu walikimbilia skrubu. Mimi niliuliza nani anakitumia, mikono yake ikiwa inafanya nini, na kinapitisha kitu gani. Wakataka kujua nilisoma wapi. Nikasema Baraka. Hawakupajua, lakini waliniajiri.

Nawe umeniuliza kama masomo haya ya ufundi wa vifaa yatakufaa kwenye kampuni kubwa. Yatakufaa, mwanangu, ukiyasoma hivyo. Ukae na wauguzi kabla ya kuchora. Ukijaribishe kifaa kwa kitu kinachofanana na kile kitakachokutana nacho, hata kama ni uji, na kikikushinda ueleze sababu bila kuona haya. Na ukiulizwa kama kifaa kiko, usijibu mpaka uweze kulimaliza neno.

Nenda salama. Mungu aibariki mikono yako, akupe siku ambayo mtu aliyechoka, nyuma ya mlango, atakumalizia neno lako kama yaya Feza alivyonimalizia langu.