Mjomba amemuua mama kwa ajili ya usaili

Leo jioni mama yangu amefariki, huku akimenya ndizi jikoni.

Kesho mdogo wangu Neema ana usaili wa kuingia chuo cha udaktari. Mjomba akajiteua kuwa mwalimu wake.

"Wakiuliza kwa nini unataka udaktari, sema mama alikufa kwa kuwa zahanati haina daktari. Na ulie kidogo."

Neema akasema hivyo hivyo. Akalia vizuri hadi nikaogopa.

Mama akatokea mlangoni na kisu chake.

"Kaka, na wakiuliza mlinizika wapi?"

Mjomba akatoka hadi kwenye migomba, akarudi na jani la isale. Kwetu Wachagga ukiombwa msamaha kwa isale, hukatai. Mama akapokea, mdomo kaubana.

Nikadhani yameisha.

Mjomba akamgeukia Neema: "Basi tuseme baba."

Baba yuko pale pale kwenye kochi, anaangalia taarifa ya habari.

Nimemwonyesha mjomba mlango. Mkiniita sina adabu, sawa.

Ila Neema sasa analia kweli. Jioni nzima amekariri jibu la mjomba, lake mwenyewe halimjii.

Nyie mliopita huko, mlianzaje kusema ukweli?