Karoti Zilizokosa Lebo

Jumamosi iliyopita niliikuta meza ya mama yetu wa mboga kutoka Ndabibi imefunikwa gunia. "Mathe alituacha Jumatano," akaniambia jirani yake auzaye viazi pale sokoni Nakuru, kwa jina ambalo sote tulimwita. "Moyo tu, ghafla." Nilisimama na kikapu changu, nisijue pa kuelekea.

Mama huyo alilima bila dawa wala mbolea ya dukani, na kila fungu la mboga zake lilibandikwa lebo ya kijani: "Kilimo hai". Wateja walionja vipande vya karoti zake wakafumba macho kwa raha. Msimu mmoja viwavi walivamia kabichi zake, akalazimika kuzipulizia dawa. Karoti hazikuguswa, lakini kwa kuwa dawa ilikwisha kuingia shambani, lebo zote aliziacha nyumbani. Wateja walewale wakaonja karoti zilezile, wakakunja nyuso. "Mathe, leo hazina utamu," mmoja akalalamika. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeumia.

Wakati huo kaka yangu alikuwa amelala kwake Gilgil, maradhi ya tumbo yamemkondesha, na hofu ya kemikali imemfanya akatae chakula chochote kisicho na lebo ile. Shemeji yangu, mkewe, akaja sokoni akamsihi mama huyo, "Nibandikie moja tu. Asipoiona, hali kitu."

"Mgonjwa simdanganyi," akajibu. "Lakini pia simwachi na njaa."

Akamwachia jirani meza, tukaondoka naye hadi Gilgil. Alipika kabichi mwenyewe, akaketi kando ya kitanda. "Baba, hizi nilizipulizia dawa. Nilingoja dawa iishe nguvu ndipo nikavuna. Nyumbani tunazila." Akatia tonge la kwanza kinywani mwake mwenyewe.

Kaka akamtazama. "Mbona umeniambia?"

"Kwani anayekula si wewe?"

Kaka akanyoosha mkono, akala polepole, shemeji akageukia dirishani kufuta machozi. Tangu siku hiyo kaka alikula, na nguvu zikamrudia kidogo kidogo. Sasa analima kishamba chake mwenyewe.

Siidharau lebo, mkulima mwaminifu anastahili kutambulikana. Ila siku hizi tunaiacha ituonjee chakula kabla ya ulimi, na utamu tunausoma badala ya kuusikia. Mama yule alijua kwamba mtu hulishwa kwanza na imani, na imani haibandikwi kwa gundi. Tumjue anayetulisha, wasomaji wangu, na tumshukuru angali anatusikia.